Kupunguza kitambi Dar es Salaam: mwongozo kamili kwa anayetoka saa 11 alfajiri na kurudi saa 3 usiku

Mkanda wangu ulikuja na matundu matano. Nilipoanza kazi Posta nilikuwa nafunga la tatu. Miaka sita baadaye nikampelekea fundi viatu aongeze la sita. Mzee yule alitoboa kimya kimya, akanirudishia mkanda na kusema, "Hongera mwanangu, mambo yamekunyookea." Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Kwetu mtu akinenepa amenawiri, akipungua ana mawazo au anaumwa. Nitalirudia hilo, maana limewaangusha wengi.

Nilishajaribu kuacha ugali kabisa (siku tisa), maji ya moto na ndimu, na kula mara moja kwa siku. Kila njia ilikwenda vizuri hadi jioni moja ya mvua, foleni ikasimama Ubungo, nikafika nyumbani Mbezi saa 4 usiku na kulimaliza sufuria la wali nikiwa nimesimama jikoni. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilikuwa napanga chakula, sipangi barabara. Siku ya mtu wa Dar inaamuliwa na barabara: unatoka bila kula, unakula kinachouzwa kituoni, unashinda na soda, na mlo mkubwa unaukuta usiku ukiwa umechoka na una njaa ya kutwa nzima. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata siku ilivyo, kuanzia alfajiri hadi usiku, na hauhitaji chakula chochote ambacho hakipo soko la Mabibo, la Buguruni au kwa mama lishe wa jirani.

Kwanza, nani asianze peke yake

Kama una mimba, unanyonyesha, unatumia dawa za kisukari (hasa insulini), una ugonjwa wa figo, au unampangia mtoto, anza kwa daktari au afisa lishe. Hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala ni mahali pa kuulizia. Anayetumia dawa za kushusha sukari akipunguza wanga ghafla bila dozi kuangaliwa anaweza kuanguka kwa sukari kushuka. Na kama unapungua wewe mwenyewe bila kujaribu, unakohoa wiki ya pili sasa, au una kiu isiyoisha na unakojoa kila saa, usifurahie huo wembamba. Kapime.

Hatua ya 1: Jipime, na uanzie kiunoni

Mizani ni nzuri, lakini futi ya fundi cherehani ni nzuri zaidi na haihitaji betri. Simama wima, vua shati, tafuta katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, zungusha futi hapo, toa pumzi kawaida kisha soma. Usivute tumbo ndani, hakuna anayekutazama. Kipimo rahisi kukumbuka ni hiki: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Mwenye sentimita 170 kiuno chake kiwe chini ya 85. Shirika la Afya Duniani linahesabu hatari kuanza kupanda kiuno kikipita sentimita 94 kwa mwanaume na 80 kwa mwanamke, na kuwa kubwa zaidi kikipita 102 na 88.

Nasisitiza kiuno kwa sababu mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayohusishwa zaidi na presha, kisukari na moyo. Unaweza kuwa na mikono myembamba na kitambi kikubwa, ukajiona huna shida.

Uzito nao upime, hata kwa wale vijana wenye mizani kando ya vituo vya daladala, ila tumia mizani ileile kila mara. Gawa kilo zako kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mimi nilikuwa na kilo 88 na urefu wa mita 1.70, na 1.70 mara 1.70 ni 2.89, kwa hiyo nilipata 30.4. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Kiuno changu kilisoma 104. Yule fundi viatu hakuwa na futi.

Halafu presha na sukari. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, ukiwa umekaa na kutulia dakika tano, hiyo ni presha ya kupanda, muone daktari. Sukari ya asubuhi kabla ya kula chochote ikifika 7.0 (mmol/L kwenye mashine) pia ni kazi ya daktari, na kipimo hurudiwa kabla ya kuitwa kisukari. Usisubiri dalili. Presha mara nyingi haina dalili.

Hatua ya 2: Daftari la siku tatu

Kabla ya kubadili chochote, andika kila kinachoingia mdomoni kwa siku tatu, mojawapo iwe Jumamosi au Jumapili. Usijihukumu. Andika na kile kipande cha sambusa ulichopewa ofisini, na sukari ya chai kwa idadi ya vijiko.

Daftari langu la Jumanne moja lilikuwa hivi: saa 12 asubuhi chai ya maziwa vijiko vitatu vya sukari na maandazi mawili Kimara, saa 4 chai nyingine na chapati, saa 8 wali maharage kwa mama, na soda, saa 11 jioni soda ya pili, kwa sababu ya joto, saa 3 na nusu usiku ugali mkubwa kama kofia ya bodaboda, nyama ya mchuzi, mboga kijiko kimoja pembeni kama pambo. Tunda hakuna. Maji, chupa ndogo moja.

Nilidhani adui yangu ni ugali. Daftari likanionyesha mengine kabisa.

Hatua ya 3: Glasi kabla ya sahani

Anzia hapa hata kama utaacha mengine yote. Soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 hadi 40, yaani vijiko vya chai vinane hadi kumi. Chai mbili za vijiko vitatu vitatu ni gramu 25 nyingine, na kijiko chetu cha kujaza kilima ni zaidi ya hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku kwa anayekula kalori 2,000, na ikiwezekana iwe chini ya 25. Jumanne ile nilikuwa nimepita gramu 90 na sikuwa nimekula keki.

Tena kinywaji chenye sukari hakishibishi. Ukila maharage yenye kalori 150 unasikia tumbo limepata kitu. Ukinywa soda yenye kalori hizohizo, dakika ishirini baadaye unatafuta msosi kama kawaida.

Sukari ya chai usiikate kwa mkupuo, utaichukia chai na utarudi. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi unazoea. Tia tangawizi, iliki au mdalasini, na ukiwa kwa mama mwambie mapema, "Mama, mimi chai nitaweka sukari mwenyewe," kwa sababu wengi wanaitia kwenye birika. Soda ibaki siku moja ya wiki uliyoichagua wewe. Kwa joto la Februari beba chupa yako ya maji ya lita moja, maji yaliyochemshwa nyumbani, uijaze tena ofisini.

Watu huniuliza juisi. Juisi ya ukwaju, ubuyu na miwa zinazouzwa barabarani ni sukari yenye rangi nzuri, na ya miwa ni sukari tupu. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda, kwa hiyo moja kwa mwenye baiskeli pale njiani si dhambi. Embe lile, usilikamue: ukilila unapata nyuzinyuzi zake, na ni vigumu kula maembe mengi kwa mkao mmoja ilhali juisi yake unaimaliza bila kuhisi. Bia ya nusu lita ni kalori 200 hivi, na haiji peke yake, inakuja na nyama choma na rafiki anayesema "moja ya mwisho".

Hatua ya 4: Asubuhi, kabla ya mlango wa basi

Vitafunwa vya Dar vimekaangwa karibu vyote: maandazi, vitumbua, sambusa, bagia, kachori, mihogo, chapati. Ni unga au wanga uliolowa mafuta, na ukivila na chai ya sukari njaa inarudi saa 4 kamili. Ninachotafuta asubuhi ni protini na kitu kisichokaangwa.

Yule kijana wa mayai ya kuchemsha mwenye ndoo na kachumbari ndiye rafiki yako mkubwa mjini, na hakuna anayemthamini. Mayai mawili ni kalori 140 hivi na protini gramu 12. Tia pilipili na kachumbari, chumvi punguza. Ongeza ndizi mbivu moja au kiazi kitamu cha kuchemsha ulichotoka nacho nyumbani, umemaliza. Uji wa ulezi au wa dona nao ni mzuri kama sukari ni kijiko kimoja na umetiwa maziwa au karanga za kusaga.

Mpenzi wa supu asilie. Supu ya kuku, samaki au ng'ombe ina protini ya kutosha. Mwambie muuzaji akutolee mafuta yaliyoelea juu, chapati iwe moja badala ya mbili, ndimu kwa wingi, chumvi usiongeze. Ndizi za kuchemsha ndani ya supu ni bora kuliko chapati.

Hatua ya 5: Mchana kwa mama lishe

Hapa ndipo mambo hukorogeka, kwa sababu mama lishe anakupenda, na upendo wake anauonyesha kwa mlima wa wali. Mteja akipewa wali kidogo anaona ameibiwa. Kwa hiyo ni lazima uongee.

Sahani unayoitaka iko hivi: nusu mboga za majani na kachumbari, robo wali au ugali au ndizi, robo maharage, samaki, dagaa, kuku au nyama. Wali upime kwa ngumi yako ukiwa umeifunga. Maneno niliyotumia mimi siku ya kwanza ni, "Shikamoo mama. Naomba wali nusu, niongezee mchicha na maharage, bei ileile." Bei ileile ndiyo siri. Akijua hapotezi hela hana ugomvi nawe. Mama wa nyuma ya ofisi yetu alinikazia macho: "Unaumwa, baba?" Nikamjibu nimeambiwa na daktari. Uongo mdogo, lakini ulifunga mjadala, na wiki ya tatu alikuwa ananipakulia bila kuulizwa, na dada mmoja wa benki akaanza kuagiza "kama ya yule kaka".

Anza kula mboga na maharage, wali umalizie. Kula taratibu: tumbo huchukua kama dakika ishirini kuujulisha ubongo kwamba limeshiba, na mlo wa mchana wa Posta mara nyingi unaisha dakika nane.

Kwenye mchuzi, chagua wa nyanya au mchemsho kuliko rosti iliyoogelea. Samaki wa kuchemsha au wa kuchoma kuliko wa kukaanga. Na maharage ya nazi, mbaazi za nazi, wali wa nazi: chagua kimoja tu chenye nazi kwenye sahani. Tui la nazi ni mafuta, hata kama bibi alilipenda.

Chipsi je? Sahani ya chipsi mayai, zege ile ya kawaida, hupita kalori 800 kwa urahisi, kwa sababu viazi hunywa mafuta vikikaangwa na mayai yanakaangwa tena juu yake. Sikuambii uache, ningekuwa mnafiki. Mara moja kwa wiki, gawana na mwenzako, ongeza mishikaki miwili na kachumbari sahani nzima, na sosi ya kopo iache, ina sukari na chumvi. Ukiona mafuta ya kikaango yamekuwa meusi na yanatoa povu, ondoka, huyo hajabadilisha siku nyingi.

Hatua ya 6: Kituoni jioni, saa ya hatari

Kama kuna hatua moja iliyobadilisha kiuno changu baada ya soda, ni hii. Kati ya wali wa saa 8 na ugali wa saa 3 na nusu usiku kuna zaidi ya saa saba. Mtu hawezi kufika nyumbani na njaa ya saa saba halafu akapima wali kwa ngumi. Atapima kwa sufuria.

Kwa hiyo kula saa 11 au 12 jioni, kabla ya kupanda basi. Kitu kidogo na cha makusudi. Tango na nanasi lililokatwa, tikiti, papai, au karanga za kukaanga kwenye ile karatasi iliyosokotwa. Karanga ni nzuri lakini zina mafuta: gramu 30, mkono mmoja usiojaa, ni kalori 170 hivi. Karatasi moja, si tatu. Zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye ladha chungu tema usimeze, kwa sababu ukungu huo hutengeneza sumukuvu. Mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara. Matunda yaliyokatwa angalia kisu, maji na nzi. Kama huamini usafi, nunua ndizi au chungwa umenye mwenyewe.

Ukifika nyumbani utakuwa na njaa ya kawaida, ya binadamu.

Hatua ya 7: Jikoni, na hesabu ya mafuta

Lita moja ya mafuta ya kula ina kalori zaidi ya 8,000. Familia ya watu wanne ikimaliza lita 6 kwa mwezi, kila mtu anakula kalori 400 hivi za mafuta kwa siku kabla hujahesabu nyama, nazi wala chapati. Ikishuka hadi lita 3, kila mtu amepunguza 200 na hakuna aliyeacha chakula. Kwa hiyo mabadiliko makubwa ya nyumba yetu yalikuwa alama ya wino kwenye chupa: tarehe tuliyoinunua, na tarehe inayotakiwa kuisha. Mke wangu alicheka, kisha akawa mkali kuliko mimi. Wanaonunua mafuta ya kupima dukani wana nafasi nzuri zaidi, kipimo kinajileta chenyewe.

Acha kumimina kutoka kwenye chupa. Tumia kijiko cha chakula, kila kimoja ni kalori 120. Vijiko viwili vinatosha kuunga mboga ya watu wanne. Mchicha, matembele, mnafu na chainizi vina maji yake, havihitaji kuogelea.

Chukua dagaa wachanganywe na mchicha, chakula cha dakika ishirini na tano ambacho nakila mara mbili kwa wiki. Dagaa kikombe kimoja, toa vichwa kama ni wakubwa, osha kwa maji ya moto mara mbili, mchanga utoke na chumvi ipungue. Wakaushe kwenye kikaango bila mafuta hadi waanze kunukia, kisha waweke pembeni. Mafuta vijiko viwili, vitunguu viwili, kitunguu saumu, nyanya nne. Funika zilainike zitoe maji. Rudisha dagaa, tia pilipili hoho na karoti, dakika tano. Mchicha mafungu mawili uliooshwa kabla ya kukatwa uingie mwisho, dakika tatu tu, ubaki kijani. Kamulia ndimu mezani. Sijaweka chumvi, dagaa wanayo. Wala sijaweka vile vipande vya viungo vya mchuzi, ambavyo ni chumvi kwa sehemu kubwa. Kiwango cha siku ni chumvi gramu 5, kijiko kimoja cha chai, yote kwa pamoja, na mkate na sosi vikihesabiwa. Dagaa wanaoliwa na mifupa wanakupa madini ya chokaa ambayo wengi tusiokunywa maziwa tunayakosa.

Ugali nao. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu pumba na kiini vimebaki, kwa hiyo una nyuzinyuzi zaidi na unakaa tumboni. Unaharibika haraka kwa sababu kiini kina mafuta: saga kidogo kidogo, usinunue wa miezi miwili. Lakini dona halikupi ruhusa ya kula kofia ya bodaboda. Gramu 100 za unga ni kalori 360 hivi, iwe dona au sembe. Pima unga kabla ya kusonga: kikombe cha chai kisichojaa sana kwa mtu mmoja, sufuria halitabaki na cha kukushawishi. Familia zinazokula kwenye sinia moja, ugali gawanyeni mafungu kabla ya kunawa.

Jumamosi nenda sokoni na orodha. Maharage, choroko au kunde kilo moja na nusu, dagaa, mayai trei moja, mboga za siku mbili tatu, nyanya, vitunguu, ndimu, matunda ya msimu. Feri, soko la samaki, ukifika asubuhi utapata vibua kwa bei nafuu kuliko samaki aina ya changu, na mwili wako haujui tofauti ya bei. Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji yake, chemsha kwa moto mkali walau dakika kumi za mwanzo kisha yaive taratibu. Mwenye friji agawe kwenye vikopo vya siku. Ukifika saa 3 usiku na maharage yameshaiva, chakula ni dakika kumi na tano na huna sababu ya kupitia kwa mkaanga chipsi.

Usiku sahani iwe ndogo kuliko ya mchana, na uache saa mbili kabla ya kulala kama unaweza. Usipoweza, kula mboga na samaki tu, ugali uache. Kulala kwa muda wa saa tano tu kila usiku kunaongeza njaa na hamu ya sukari kesho yake; niligundua nikizima simu saa 4 na nusu napata usingizi ambao kuukosa kwake nilikuwa nasingizia feni.

Hatua ya 8: Miguu

Miguu haishindani na mdomo. Kutembea dakika 30 kwa mtu wa kilo 75 kunachoma kalori 120 hadi 150, soda moja. Anayekimbia Jumamosi kisha akashusha supu, chapati tatu na soda mbili amepata faida ya moyo, kiuno kimebaki pale pale.

Bado tembea, kwa sababu presha, sukari, usingizi na roho vinahitaji. Lengo ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uongee ila ushindwe kuimba. Mimi nashuka kituo kimoja kabla asubuhi, nashuka kimoja kabla jioni, jumla dakika 35, sijavaa hata raba maalumu. Vikundi vya jogging vya Temeke, Mbagala na kwingineko havina masharti ya umbo. Nenda, kaa nyuma na mabonge wenzako. Kwenda Coco au kwenye Daraja la Tanzanite fika kabla ya saa 1 asubuhi, jua la Dar halina adabu.

Mara mbili kwa wiki tumia misuli pia. Simama na kukaa kwenye kiti mara 12, mizunguko mitatu. Pushapu ukiegemea ukuta kwanza. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na dada zetu wanaobeba ndoo ghorofani hawahitaji somo hili. Misuli ndiyo unayotaka ibaki wakati mafuta yanaondoka.

Sherehe, Ramadhani na maneno ya watu

Harusini usiende na njaa. Panga mstari wa chakula mara moja: kachumbari, nyama, pilau kijiko kimoja cha kupakulia, usirudi. Futari ya magimbi, mihogo ya nazi, tambi na kaimati inajaza kalori za kutwa ndani ya nusu saa. Fungulia tende na maji, uji, nenda ukaswali, kisha kula sahani ya kawaida yenye protini, na kaimati ziwe tatu. Daku usiliache, na usilale mara tu ukishalila.

Watu watasema. Shangazi yangu alipiga simu kutoka Morogoro kuuliza kama nina tatizo nisilotaka kulisema. Jibu fupi linatosha: "Nimeamua kupunguza presha, shangazi, nakula vizuri sana." Kisha kula mbele yao.

Dawa za kupunguza tumbo

Chai za kusafisha, vidonge vya siku saba, mikanda ya kutoa jasho. Chai nyingi za aina hiyo zinakuharisha: unapungua maji na choo, futi inarudi baada ya siku mbili. Vidonge visivyosajiliwa vinaweza kuwa na dawa isiyoandikwa kwenye boksi, inayopandisha mapigo ya moyo. Dawa yoyote unayouziwa mtandaoni ulizia kwanza kama imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba. Muuzaji akikasirika umeshapata jibu.

Hatua ya 9: Kupima tena

Kila Jumapili asubuhi, baada ya chooni na kabla ya chai, kiuno na kilo, andika. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, kilo moja ni mwisho. Wiki mbili za mwanzo hushuka haraka kwa sababu ya maji, usitambe bado. Kupunguza asilimia 5 tu ya uzito, kwangu kilo 4.4, tayari kunasaidia presha na sukari.

Nilipofika mwezi wa tatu tangu nianze, mizani yangu ilisimama wiki tano. Kiuno kiliendelea kushuka sentimita moja moja, ndiyo maana nasema futi. Mwezi wa nane nilikuwa na kilo 79 na kiuno 93. Mimi si mwembamba, hesabu bado inasema 27, na mkanda nafunga la tatu. Tundu la sita lipo, linaning'inia.

Ikiwa kilo na kiuno vyote havijasogea kwa wiki nne, usikate chakula zaidi. Rudi kwenye daftari, andika tena siku tatu. Mara zote mbili iliponitokea, jibu lilikuwa pale: mara ya kwanza karatasi za karanga zimekuwa tatu, mara ya pili mwenzangu wa ofisini alikuwa anasherehekea mtoto na mimi nilikuwa namsaidia kunywa.